Sakafu ya Boti Uliyoiacha

Mpendwa mwanangu Kombo,

Huko Uarabuni kazini u hali gani? Sisi wazima, ila goti la dadako Mwanasha. Alikwambia kwenye simu kwamba aliteleza jikoni. Hakuteleza jikoni. Aliteleza ndani ya ile boti ya alumini uliyomwachia, akienda kuchuma chaza, na mwenye makosa ni mimi.

Ulituagiza tuweke sakafu, maana alumini tupu huchoma nyayo jua likiwa la utosi, na maji yakiingia kidogo huwa kama sahani ya sabuni. Ukasema plaiwudi, ipakwe rangi ya boti iliyotiwa mchanga. Plaiwudi nilinunua. Rangi nikaona ya nini. Wakumbuka tukimsaidia babu yako kuupaka mtumbwi wake sifa, yale mafuta ya papa? Wewe umeziba pua kwa kanzu, naye akwambia, "Ziba tu, bwana mdogo. Mbao huishi kwa uvundo." Basi nami nikaipaka plaiwudi yako sifa, kwa mikono miwili, najiona fundi.

Kesho yake Mwanasha akakanyaga, akaenda chini yeye na ndoo yake. Alirudi achechemea, akanambia, "Mama, babu alipaka nje. Pa kukanyaga hakupaka."

Kweli, mwanangu. Miaka yote ile nilitazama mkono wake, sikutazama wapaka wapi.

Plaiwudi tukaing'oa. Fundi wa Magogoni akatuletea vipande viwili tuchague: zulia la manyoya mafupi, na mpira wa kijivu wenye vitundu. Mimi nililitaka zulia, nikifikiria goti. Mwanasha akalimwagia kata ya maji, tukaliacha juani hadi alasiri. Nilipolifinya lilitoka maji. Tukachukua mpira. Hatukuupiga msumari, umelazwa tu, huinuliwa ukaoshwa.

Ile plaiwudi nimeifanya mlango wa banda la kuku. Kuku hawataki kuingia.

Jana nilimwaga maji botini makusudi, nikapanda peku kabla ya dadako. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma. Mwanasha akacheka, "Nahodha, meli yafaa?" Nikakanyaga pembe zote kwanza. Ndipo nikampa kasia.

Habari za goti usimwulize yeye, atanifichia tena. Niulize mimi.

Mamako, wa Junda.