Sufuria ya Mchuzi Nyuma ya Pikipiki

Berea, Johannesburg, 2012

Mjukuu wangu Salimu,

Assalamu alaykum. Huku wazima, ila bibi yako anailaumu baridi na mimi nailaumu chai yake. Unauliza ufanyeje hilo pikipiki lako kubwa lisile mafuta hivyo.

Nilipofika hapa Jozi, nywele zote bado nyeusi, nilikuwa na pikipiki kubwa kuliko lako. Nilisafisha kabureta, nikabadili plagi, wapi! Tangi halikumaliza wiki.

Bibi yako alikuwa akiuza chakula Jeppestown. Asubuhi moja aliniachia sufuria ya mchuzi niifunge nyuma ya pikipiki nimpelekee. Mimi kila robot, taa ya barabarani, ikiwaka kijani, nachomoka. Nikafika mchuzi nusu, suruali nyekundu, wateja wamekaa na wali mkavu.

Aliniangalia, akasema, "Na kesho utaleta wewe."

Wiki nzima nikawa naondoka taratibu, na nikiona robot nyekundu mbele naachia mkono wa mafuta mapema. Mchuzi ukafika wote. Jumamosi nikafungua tangi, petroli bado imo. Eish!

Bibi yako anakutumia sufuria ileile, uifunge nyuma. Mfuniko wake haufungi vizuri. Usiutengeneze.

Babu yako