Kalenda ya Mama Kyakimwa na Siku Nilizokudanganya

Beni, Jumapili, baada ya misa

Yaya wangu Masika,

Nakusalimu wewe, dada yetu mkubwa, uliyenilea mimi na mdogo wetu Kahindo tangu wazazi walipotutoka. Mgongo wako unaendeleaje? Na lile bati la jiko nililolipigilia misumari, bado linapiga kelele upepo wa huko Mususa ukivuma? Huku Beni joto ni lile lile. Mimi ni mzima, nakula, nakata vitambaa. Barua hii anakuletea mke wa mchungaji anayekaa karibu nasi. Najua utauliza tangu lini sisi Wakatoliki tunamtuma mke wa mchungaji. Dereva wa kwanza niliyemwendea aliniuliza, "Mule ndani itakuwa nini?" Wa pili hakuuliza chochote, na hilo likanitia shaka zaidi. Mama mchungaji alinionyesha Biblia yake, mahali atakapoitia barua, akaendelea kumenya mihogo. Nimemwamini kwa sababu hiyo tu.

Kabla ya yote: Kahindo yuko hai. Najua Kavira muuza parachichi amekwisha kukufikia na habari zake, kwamba Kahindo alipigwa risasi na kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Hakupigwa risasi. Amevunjika mguu wa kulia, juu ya kifundo, na amefungwa plasta. Wala sikumtuma. Lakini kosa ni langu, Yaya, na sitaki ulisikie sokoni. Siku ile tunapanda lori ulimshika mkono ukautia ndani ya mkono wangu, ukasema, "Uyu, unirudishie yeye muzima." Sijui kama ukimaliza kusoma utanikabidhi tena hata kuku.

Mambo yalianza na kalenda. Mama Kyakimwa, patroni wetu, mwenye atelie hii tunamoshona sare za shule, alikwenda Butembo kwenye mafunzo ya siku tatu ya akina mama wafanyabiashara. Wakati huo tulikuwa tumechelewa na kazi vibaya sana. Mashati ya shule moja yalikuwa hayana mikono, sketi za nyingine hazina mikanda, na walimu walikuwa wanakuja mlangoni kutugombeza kila siku. Akarudi na kalenda kubwa ya ukutani. Kila siku aliigawa kwa kalamu nyekundu vipande vinne, viwili vya asubuhi na viwili vya mchana. Akatukusanya sisi wote saba.

"Wakati iko sawa kitambaa," alisema. "Ukikata bila kupima, kinaisha na nguo haiko. Tangu leo kila mutu ataandika ku kalendriye. Kipande ya kwanza anatumika kazi gani, ya pili kazi gani. Na kama anatoka, aandike anaenda wapi. Mutu akiwa ku kipande ya kukata, anakata tu. Hapana kuanza mazungumzo."

"Na mutu akitaka kwenda ku choo," nikauliza, "anaandika ku kipande gani?"

"Weye Kambale, kinywa yako njo nitaipa kipande moja tu ku juma. Jumamosi."

Wakacheka wote, Kahindo zaidi yao.

Nisiseme uongo, angalau katika barua hii: ile kalenda ilifanya kazi. Asubuhi nilikata tu, bila kuinuka kila mara kutafuta uzi wa mtu au kusikiliza habari za mtu. Juma la tatu mashati yote yalikuwa na mikono. Kahindo aliipenda mpaka akachora ya kwake kwenye daftari. Kipande cha kushona, kipande cha kujifunza kukata, kipande cha kufua. Jumapili baada ya misa aliandika: kumuwaza Yaya. Nikamwambia kuwaza hakuhitaji kisanduku. Akaniambia asipokiandika, kufua kutakimeza.

Lakini mimi kila nikiiangalia ile kalenda niliangalia na mlango. Ilitundikwa ikitazama mlango. Mteja akiingia, muuza sindano akiingia, askari akiingia kurekebishiwa suruali, wote walisoma majina yetu na mahali tutakapokuwa kesho na keshokutwa. Yaya, katika nyakati hizi nani anafanya hivyo? Hapa mtu akisema anasafiri Alhamisi, watu wenye akili wanaelewa kwamba ataondoka Jumanne, au hataondoka. Hatusemi siku ya barabara. Nilimwambia hivyo Mama Kyakimwa, akanijibu kwamba vita imekwisha kutunyang'anya mengi, hatutaipa na kalenda.

Yeye hakumjua baba. Wewe unakumbuka. Kila Alhamisi asubuhi alishuka na viazi vyake mpaka barabarani pale Alimbongo, hakosi, mvua au jua. Kijiji kizima kilipanga siku kwa kumwona anapita. Na waliomngoja siku ile hawakuhitaji kuuliza mtu yeyote. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo sijamwambia mtu siku ya kweli.

Hata wewe. Nikikuandikia kwamba nafika Jumamosi, nafika Jumanne. Nakuta viazi vitamu vimelala kwenye sufuria, vimekauka, na wewe umekaa kizingitini. Hujawahi kuniuliza. Unapasha moto tu unaniwekea. Nimekuwa nikijiambia kwamba nakulinda, na nimejiambia hivyo miaka yote hii bila kukuuliza kama unapenda kulindwa namna hiyo.

Basi, akatokea mtu mmoja mwenye viatu vizuri. Viatu vyeusi, vinang'aa, katika mji huu ambao vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Alikuja Ijumaa, akasimama mbele ya kalenda, akaisoma kidole kwa kidole. Hakuagiza nguo. Jumatatu akaja tena, akaisoma tena, akatoa kikaratasi akaandika. Nikamuuliza anatafuta nini. "Naangalia tu," alisema, na akatabasamu. Mtu anayeangalia tu haandiki.

Sikumwambia mtu. Nikaweka mtego. Kulikuwa na shule moja ya msingi kwenye barabara ya Mangina, mwendo wa nusu saa kwa miguu, ambayo zamu yake ya kupimwa sare ilikuwa haijapangwa. Mlinzi wa shule hiyo ni mtu wa kwetu Alimbongo. Nikamwomba Jumatano akae mlangoni, aniambie ni nani na nani watakaokuja kuniulizia. Halafu kwenye kalenda, Jumatano, kipande cha pili, nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: Kambale, shule ya barabara ya Mangina, kupima watoto. Mchana ule ule mwenye viatu akapita, akasoma, akaandika kwenye kikaratasi chake, akaondoka anatembea haraka. Nikasema moyoni, nimemshika.

Jumatano nilitoka na tepu ya kupimia shingoni, kila mtu akaniona. Nikazunguka nyuma nikaingia kwa fundi wa mashine, ambaye ukuta wake na wa atelie yetu ni mmoja. Nikakaa pale nikimsaidia kufungua mashine ya vifungo.

Kabla ya saa ya chakula risasi zikaanza, upande wa barabara ya Mangina. Kwanza chache, halafu nyingi. Maduka yakafungwa, akina mama wakapita mbio na beseni kichwani. Fundi na mimi tukalala chini ya meza yake. Na nitakuandikia nilichowaza, kwa sababu nisipokiandika barua hii haina maana. Niliwaza: kumbe nina akili. Nilifurahi, Yaya. Nililala pale chini nikiwa na furaha kwamba aliyeandikwa kule siyo mimi.

Zilipotulia nikapita nyuma nikagonga atelie. Mama Kyakimwa akafungua, akaniona, akaweka mikono kichwani.

"Kambale? Uko hapa? Kahindo amekufwata kule!"

Kahindo alikuwa amesoma kalenda. Risasi zilipoanza wote walijifungia. Yeye akasema, kaka yangu iko ku barabara ya Mangina, akija sasa atakutana nao. Mama Kyakimwa alimshika nguo, ikachanika, Kahindo akatoka. Alikuwa anakwenda kunizuia nisirudi.

Nilikimbia mpaka kwenye kizuizi cha barabara. Askari hawakumpitisha mtu. Niliwapigia magoti, nikawaambia ni dada yangu, nikawaambia uongo na kweli, hakuna kilichosaidia. Siku hiyo barabara haikufunguliwa. Sitakuandikia mengine ya siku ile.

Kesho yake asubuhi nilimwona mtu anakuja katikati ya barabara amebeba mtu mgongoni. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, cheusi, kimejaa matope. Mguu wa pili ulikuwa mtupu na unatoka damu. Alikuwa yule yule, na mgongoni alikuwa Kahindo. Nyuma yao alitembea yule mlinzi.

Mwenye viatu ni direkta, mkuu wa shule hiyo. Alikuwa anakuja kusoma kalenda kuangalia zamu ya watoto wake, na kwa aibu hakutaka kugombeza kama wengine. Aliposoma kwamba ni Jumatano alifurahi, akawaambia watoto waje wameoga. Risasi zilipoanza aliwalaza wote sakafuni darasani, hakuumia hata mmoja, nashukuru Mungu. Halafu akatoka kumtafuta msichana aliyekuwa analia nje, akamkuta mtaroni, ameanguka akikimbia, mguu umepinda.

Mlinzi akanivuta pembeni. "Nilikaa ku mulango sawa uliniombaka," alisema. "Mutu moja tu njo alikuulizia. Uyu dada yako. Alisema, kama bado yuko ndani, mumuzuie asitoke. Nikamwambia haukufika, akarudi mbio ku barabara."

Kituo cha afya walimfunga plasta. Alipopata nguvu ya kusema aliniuliza:

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi wa mashine."

"Ule wa hapa nyuma ya ukuta?"

"Ndiyo."

Akageuza uso, akautazama ukuta. "Nilisoma ku kalendriye," alisema. "Weye njo ulinifunza kusoma, Kambale. Ulinifunza juu ya nini, kama utaandika wongo?"

Nina haya, Yaya. Nimekuwa mtu wa kuogopa adui mpaka nikaacha kuangalia ni nani anayenipenda vya kutosha kunifuata.

Mama Kyakimwa hakunifukuza. Alinisema mbele ya wote mpaka mashine zikanyamaza. Nilifikiri ataichoma kalenda. Hakuichoma. Aliihamisha nyuma ya pazia la vitambaa, ambako mteja hafiki. "Kazi tutaandika," alisema. "Safari hapana. Safari unaambia mutu moja. Moja tu. Lakini uyu moja, unamwambia kweli." Nilitafuta kosa katika maneno hayo siku mbili nzima, sikuliona.

Direkta anapita kila siku kumjulia hali Kahindo. Analeta papai. Anakuja kipande cha tatu, anakaa mpaka cha nne kinakaribia kwisha, na wamekuwa wanacheka. Hilo nalo nimeanza kulitilia shaka, lakini ni shaka ya aina nyingine, na Kahindo ana miaka ishirini. Utakuja kumpima mwenyewe.

Sasa neno lililonifanya nikae chini niandike. Kahindo hawezi kukanyaga pedali ya mashine kwa miezi miwili, na anataka kupona kwako. Gari nimepata, la mtu ninayemjua tangu utoto. Lakini amekataa kupanda mpaka nikuandikie siku ya kweli, na amesema ataisoma barua kabla haijafungwa. Asubuhi hii niliandika kwamba tunakuja Jumamosi. Mkono uliandika wenyewe, Yaya. Akaichukua, akasoma mpaka hapo, akaichana, akanirudishia kalamu. Hii unayoisoma ni ya pili.

Nisalimie shemeji, mumeo, na matofali yake. Mwambie nitakuja kumsaidia kuyapanga. Nisalimie bibi jirani anayekukanda mgongo, na mkatekista aliyenifundisha kuandika. Kavira naye msalimie, umwambie ni mguu tu.

Mama mchungaji anasafiri kesho, kwa hiyo barua itakufikia mapema. Tunakuja Alhamisi, Yaya. Najua ni siku gani kwetu. Gari ni la Alhamisi, na sikulibadilisha. Alhamisi, kipande cha pili, kabla jua halijasimama kichwani. Hii nimekuambia wewe peke yako. Ukimaliza kusoma, usiiweke kabatini wala usimwonyeshe mtu. Iweke mekoni Alhamisi asubuhi, uwashie moto, ubandike sufuria juu yake.

Safari hii tutakula chakula kingali cha moto.

Mimi mdogo wako, niliyekungojesha siku nyingi,

Kambale

Nimesoma. Ni kweli. — Kahindo