Rangi ya Mlango wa Kushoto

Nyumba Na. 14, Lorong Melur,
Kamunting, Perak.
23 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Rafeah,

Assalamu alaikum. Hujambo, mwanamke wa nchi za baridi? Miguu inaendeleaje, bado inakuvimba ukisimama sana jikoni? Na shemeji Azhari, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Macho yangu ndiyo hivyo, daktari amenikataza kabisa kuendesha gari, lakini kuandika bado naweza, mradi herufi ziwe kubwa kama za mtoto wa chekechea. Mvua yetu unaijua, kila alasiri lazima ishuke.

Ulipopiga simu siku ya Idi uliniuliza mbona wifi yako amekuwa mnyonge, nami nikakwepa. Leo nakueleza. Kamsiah alipata ajali akiendesha gari letu kwenye njia panda ya sokoni. Binti mmoja wa pikipiki aliligonga gari ubavuni akaanguka. Yule binti aliinuka na michubuko tu, lakini wifi yako alipofika nyumbani aliutundika ufunguo ukutani na hakuugusa tena. Hata kwenda kumwona mama yake huko Batu Kurau, tukawa watu wa kuomba lifti.

Mwishowe akaniambia, "Baba Hasni, liuze hilo gari. Kila nikiuona ule mlango moyo unanilipuka."

Nikampata mnunuzi, kijana wa Ipoh anayeitwa Faizul. Ila mlango wa kushoto na madigadi yake vilikuwa vimebonyea na kukwaruzika, ni aibu kumwonyesha mtu. Nikasema nitavipaka rangi mwenyewe, kazi gani hiyo! Nikavifungua, nikavinyoosha kwa nyundo ya mpira, nikajaza pati ya kuzibia palipobaki mashimo, nikaenda kununua makopo ya rangi ya kijani ya kupuliza.

Haraka yangu ikaniponza. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika, hewa yote maji, nami nikapuliza hivyo hivyo barazani. Rangi ikapauka, ikafanya ukungu mweupe, na chini ikachuruzika. Mimi sikuona kitu! Nikamwita mke wangu kwa majivuno aje atazame. Jirani yetu Ah Keong, aliyekuwa fundi pikipiki, akachungulia juu ya ukuta.

"Zubir, hiyo rangi au umemwagia maziwa?"

"Kijani hicho, huoni?"

"Kijani cha wapi, mzee? Hata mbuzi hawezi kukila!"

Kamsiah akacheka mpaka akashika nguzo. Rafeah, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu ajali. Nilitamani Ah Keong aendelee kunitukana.

Ah Keong akatuambia tusugue yote kwa msasa na maji, tuanze upya. Tukakaa chini, mimi na madigadi, Kamsiah na ule mlango asiotaka kuuona. Tulisugua bila kutazamana. Ndipo akaanza kusema, taratibu, kama anayeongea na mlango.

"Nilidhani nimeua mtoto wa watu. Vidole viligoma kuachia usukani. Yule binti, damu inamtoka kiwikoni, ndiye aliyekuja kunibandua kimoja kimoja. Ananiambia, 'Mama, niangalie, mimi mzima.' Mimi nalia, yeye ananibembeleza."

Hakuwa amenieleza hayo. Nikamsogezea ndoo ya maji safi.

Tukangoja asubuhi ya jua. Nilimwaga maji sakafuni vumbi litulie, nikafunga kitambaa puani, nikaanza. Mara Kamsiah akanipokonya kopo.

"Lete hapa. Unapuliza kama unamwagilia maua!"

Unakumbuka ile keki yake ya matabaka anayotupikia Idi? Ndivyo alivyopaka. Tabaka jembamba, analiacha lishike, ndipo linafuata jingine, mkono unatembea bila kusimama. Mimi kazi yangu ikawa kutikisa makopo na kufukuza nzi. Tulipomaliza na ile rangi ya juu ya kung'arisha, akaupitishia kiganja mlango uliokwisha kukauka.

Tukavirudisha garini, Faizul akaja, akalizunguka gari, akalipenda. Kamsiah akamwandalia chai na vitumbua, akangoja ale ashibe, akamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Gari haliuzwi." Kijana wa watu akanitazama mimi. Nami nikamtazama mke wangu. Yeye anakusanya vikombe!

Hakupona siku moja, nisikudanganye. Alianza kwa kulirudisha nyuma na kulipeleka mbele hapo uani. Kisha uchochoro wetu tu, akirudi shati limelowa jasho. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, akaniambia nivae viatu. Njia panda ya sokoni alisimama muda mrefu, watu nyuma wakatupigia honi. Akapita.

Tulipofika Batu Kurau, mama mkwe alitoka na fimbo yake, akatuambia kwa ukali, "Nasikia gari limeharibika. Wapi?" Akalikagua lote, akasimama penye mlango wa kulia, ambao hatujawahi kuugusa, akaupapasa na kutikisa kichwa. "Hapa mmeparipua. Panaonekana."

Nisalimie Azhari na binti yangu Nurdiana, mwambie masomo kwanza. Hasni na Ah Keong wanawasalimu. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake huko ugenini, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi kaka yako akupendaye daima,
Zubir