Kumbukumbu Mbovu

Jumanne jioni.

"Memory ya kompyuta yako ndiyo mbovu, si wewe," Njeri, fundi wa kompyuta pale Noonkopir, ameniambia leo. Ameipima mara tatu, na kila mara makosa yametokea.

Bado siamini. Kwenye daftari niliandika ploti 214. Kompyuta ikahifadhi 215, na gazeti letu likachapisha habari yangu kwamba 215 ina kesi. Hiyo ni ya Mama Naserian, mjane. Mnunuzi wake amejiondoa.

Aliponipigia simu kulalamika kwamba ploti yake haina kesi, nilimjibu, "Yeyo, mama yangu, labda umesahau. Kompyuta haisahau."

Akacheka. "Basi hiyo yako imezeeka kunishinda."

Miaka yote hii kazini, na sikufungua daftari!

Masahihisho yatatoka Alhamisi. Kesho saa tatu niko kwake Kajiado, na daftari mkononi, kumwomba radhi kwanza.