Mtoto wa Mfereji Amepita Kiwanjani Kwako

Kitongoji cha Mwabulenga,
Magu, Mwanza.
Ijumaa, 5 Julai 2024.

Mpendwa kaka Obedi,

Shikamoo. Natumaini joto la Mtwara halijawamaliza, na kwamba Paulo mdogo kifua kimepoa tangu wifi alipotuambia anakohoa. Huku sisi tu wazima. Bibi Wilhelmina goti linamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Mama yuko Buzuruga na mgahawa wake, Jumapili atakuja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijua: "ee", "ndiyo kaka", halafu nampa bibi. Barua hii anakuja nayo Pius, kesho anapanda basi. Nimeianza mara nyingi na kuichana. Kila nikisikia pikipiki nadhani ni mwenyekiti anakuja kwetu, nainuka, nachungulia, narudi kukaa.

Ni hivi kaka. Wanataka kufufua ule mfereji wa majaluba ya mpunga uliokufa pampu ya ziwani ilipokufa. Mfereji mkuu unaonekana, si ndiyo ile njia tuliyokuwa tunapita kwenda shule. Kilichopotea ni ule mdogo uliokuwa ukichepuka kupeleka maji bondeni, kwa kina mama Rose. Mpunga wao mwaka huu umekauka tena, wameufyekea ng'ombe. Amekuja mtaalamu kutoka Zambia, Bwana Nathaniel, kuutafuta. Kiswahili hajui. Mwenyekiti Ngosha akasema, "Kuna binti wa Maige anasoma shule ya Kiingereza, yupo likizo." Hakuniuliza.

Siku ya kwanza Bwana Nathaniel akaniambia niwaulize wazee uliko mfereji wa tawi. Sikuweza kuinua sauti, nikasema kwa kifupi, "Tawi la zamani liko wapi?" Wazee wakaitikia kwa furaha, wakatuongoza juani mpaka kwenye ile nyumba iliyokuwa tawi la chama, ambayo sasa ni mashine ya kusaga. Bwana Nathaniel akaanza kupima ukuta! Ngosha alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo naitwa Brightness wa Tawi, hata watoto wa kisimani wananiita hivyo.

Basi tukafika kwetu. Ngosha akasogea pembeni kupokea simu, tukabaki mimi, mgeni na bibi. Bibi akasema, "Mimi huyo Tawi simjui. Sisi tulikuwa na Mama na Mtoto. Mama anatoka ziwani. Mtoto alikuwa anapita hapa hapa ninapofulia, anakwenda zake bondeni."

Kaka, lile zege la kufulia, lenye pengo upande mmoja, ambalo tulikuwa tukidhani babu alilijenga kwa ajili ya nguo, ndilo lililokuwa likigawa maji. Na pengo linatazama moja kwa moja kiwanjani kwako, pale unapotaka kujenga.

Bwana Nathaniel akaniuliza bibi anasemaje. Nikamwambia anasema ulipita maeneo haya, ila hakumbuki vizuri. Bibi akawa ananitabasamia, anadhani namweleza yote.

Nisikufiche, sikukaa kimya kwa ajili yako tu. Ulipopima kiwanja kwa kamba ulinionyesha chumba cha kona, ukasema, "Hiki cha kwako, dirisha litazame ziwa." Sijawahi kuwa na chumba. Nikisema Mtoto amepita wapi, ninakikata mwenyewe.

Wakaenda kuchimba ng'ambo ya barabara. Hawakupata kitu, mizizi na mchwa tu. Mama Rose aliwaletea uji, akawa anatazama ndani ya kila shimo. Mimi natafsiri huku nikikwepa kumtazama. Usiku usingizi sipati.

Jana asubuhi bibi akaniita. "Muulize mgeni wako, Mtoto akirudi, mimi nguo nitafulia wapi? Aniachie hata jiwe." Hakulalamika, alikuwa anapanga tu. Nilimwangalia na beseni lake nikaona siwezi tena.

Nikaenda mwenyewe kwa Bwana Nathaniel, bila mwenyekiti. Kiingereza chote kikanikimbia. Nikamwambia mtoto amepita nyumbani kwetu. Akatupa chepeo, akauliza mtoto gani, amepotea lini, ana nguo za rangi gani! Nikamshika mkono wa shati, mimi huyu, nikamleta mpaka kwa bibi. Nikamwaga ndoo ya maji juu ya zege. Yakazunguka kidogo, yakatoka pengoni, yakateremka kwako. Bwana Nathaniel akapiga magoti kwenye tope.

Sasa kuna kigingi chenye utepe mwekundu mahali ulipotaka pawe sebule. Chumba cha kona kimebaki ng'ambo ya njia ya mfereji. Ngosha amesema bila neno la mwenye kiwanja hawachimbi, na kwamba wanaweza kukupa eneo lingine kule juu kwenye mawe, ila ziwa halionekani vizuri. Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama Rose leo amepita hapa mara mbili bila kuwa na shughuli yoyote huku, anakitazama kigingi.

Sikuambii ukubali. Kiwanja ni chako na jasho ni lako. Nilitaka tu ulisikie hili kwangu kabla hujalisikia kwa Ngosha. Kigingi sijaking'oa, ingawa jana jioni nilikishika nikakitikisa. Bibi ameshaanika kitenge juu yake.

Msalimie sana wifi Evelina, na Paulo mwambie shangazi yake anamwekea karanga. Bibi anawasalimu, anasema Mungu awafunike mchana na usiku, na wewe ule vizuri.

Ukishasoma, piga. Simu ya bibi nitakaa nayo mimi. Ukikubali, ukikataa, hata ukitaka kunigombeza, safari hii simpi mtu. Nitaongea.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopa kidogo,
Brightness