Chelang'at Alisema Ni Kweli

Kimulot, Konoin

Kwa mwanangu Chepkorir, huko Doha,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa nyumba yote. Majani ya chai yamestawi baada ya mvua, na yule ndama uliyemwacha sasa anakamuliwa.

Pamoja na hayo, ninasikitika kukuarifu habari za binti yangu Chelang'at, ambaye ulimtafutia kazi huko. Polisi walipokuja kumkamata jirani, Chelang'at alisimama langoni akauliza kosa la jirani huyo. Akashtakiwa kwa kumzuia afisa kutekeleza wajibu wake. Nilimwandalia utetezi kamili, wenye vifungu vya Katiba.

Alilala kituoni, na asubuhi iliyofuata kortini, kila aliyekana shtaka alirudishwa rumande hadi apate mdhamini. Karani alipomsomea lake, Chelang'at alijibu, "Ni kweli." Hakimu akampa mwezi mmoja wa kufagia zahanati, na kesi ikaisha kabla sijasimama.

Nje nilimuuliza, "Mbona umekubali kosa ambalo hukutenda?"

"Baba, mtoto hajanyonya tangu jana. Hizo karatasi zako zingemnyonyesha?"

Nilizikunja nikazitia mfukoni.

Alikusudia kuja kwako mwakani, mtoto akishaachishwa ziwa. Sasa cheti chake cha tabia njema kutoka polisi kitaonyesha hatia hiyo, na wakala wa ajira amemrudishia pasipoti.

Kwa hivyo, kile kitanda ulichomwekea karibu na chako, tafadhali mpe mwingine. Ameniomba nikuandikie mimi, kwa kuwa yeye amejaribu akashindwa.

Ni mimi, kwa masikitiko,
Baba yako mdogo,
Joel arap Mosonik