Jibu la Salamu Yako, Mtani

Mtani wangu Salehe,

Shikamoo sikupi, hata kama umetangulia. Tuko rika moja na udongo haubadilishi hilo.

Nakuandikia nikiwa hapa Kinole, barazani kwako, juu ya kile kigoda ulichokuwa hutaki mtu akikalie. Kinaumiza, kumbe ulikuwa unatuhurumia. Mkeo hajambo. Amenipa chai na mihogo, wala hajaniuliza ninaandika nini.

Kwanza uniwie radhi kwa siku ya maziko. Ukoo wenu na wetu ni watani, na wewe ulishazika watu wetu kadhaa ukiwa umevaa nguo za marehemu, ukilalamika kwamba kaburi ni fupi. Safari hii ilikuwa zamu yangu. Nilitakiwa niingie humo nilale, nigome kutoka mpaka nipewe kuku. Watu wote wakanitazama. Nikafika ukingoni, nikashindwa, nikalia mpaka nikashikwa mikono. Wazee wenu wamenisamehe. Wewe ungenisema mwaka mzima.

Lakini ningefanyaje, mtani? Wenzangu walikuwa wanazika jirani yao. Mimi nilikuwa namzika aliyenifanya niwe hai.

Asubuhi ile unaikumbuka. Mke wangu Mwajuma alikuwa amefariki, watoto wetu wapo kwa wajomba zao, na nyumba yangu imesimama kwenye ardhi ya ukoo wake, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Nilijiona sina pa kukaa duniani. Kila aliyepita alinipa pole, nami nikasema asante, basi. Ukapita wewe na panga lako, ukanisalimia kama ulivyonisalimia tangu ujana wetu: "Mzoga wewe, hujafa tu?"

Nikakujibu ukweli. "Bado, lakini nataka."

Hukucheka. Uliweka panga chini, ukakaa karibu yangu, ukaniuliza tangu lini. Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo.

Kesho yake ukanishusha mjini kwa daktari, ukanisubiri nje siku nzima ukibishana na muuza miwa. Tuliporudi ukaanza kuwaita wanaume wa kitongoji kila Jumatano, waje kwako kukwangua mdalasini. Ulitujua. Ungetuita kuzungumzia huzuni, asingekuja hata mmoja. Kukwangua magome tulikuja, na macho yakiwa kwenye kisu, maneno yakatoka. Sharti lako lilikuwa moja tu: anayeongea asitazamwe. Mle ndimo nilimomtaja Mwajuma kwa jina kwa mara ya kwanza tangu afariki, na jamaa wote wakaendelea kukwangua. Nakushukuru kwa hilo, Salehe. Sikukwambia vya kutosha kwa sababu kila nikianza ulinitukana.

Jumatano ya kwanza baada yako tulikuja watatu. Sasa tumefika tisa. Kuna mgeni mmoja, Ramadhani, seremala aliyehamia kutoka Ngerengere. Anakwangua vizuri ila haongei, na anazidi kukonda. Wiki mbili nilimwona nikanyamaza. Si mtani wangu, siwezi kumwita mzoga. Nikajidanganya kwamba nikimuuliza nitamtia wazo kichwani. Ulikuwa woga tu.

Leo Jumatano nimeweka kisu chini, nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Akaendelea na gome lile lile mpaka likaisha. Kisha akasema ndiyo. Nikamuuliza tangu lini. Swali ni lako, nimeliiba. Akaongea mpaka mvua ikapita. Kesho nashuka naye mjini, nitamsubiri nje kama ulivyonisubiri. Muuza miwa yule bado yupo, nitabishana naye kwa niaba yako.

Arobaini yako ni Ijumaa. Nimeazima ile kanzu yako yenye doa la mchuzi. Nitaingia nayo nikichechemea kama wewe, nitalalamika pilau ni kidogo, nitawaambia wageni marehemu alikuwa mlafi. Nikizidiwa na kilio, nitaendelea hivyo hivyo huku nalia. Safari hii sikuangushi, na Jumatano hazitakufa mikononi mwangu.

Pumzika, mtani. Mungu akupe nafasi, na huko uliko usiwasumbue wenzako.

Nimebakiza jibu la salamu yako, maana lile la mwanzo limekwisha muda wake. Sijafa, Salehe. Na sitaki.

Mzoga wako,
Kassimu